Mtungi Mtupu na Kudra ya Mungu

Kinachomuua mtoto wa miezi miwili aliyebanwa na kifua mara nyingi ni uchovu. Pumzi zinafika 60 kwa dakika, zinafika 70. Tundu za pua zinatanuka, nyama ya katikati ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta hewa, kichwa kinanesanesa juu ya shingo. Titi analikataa ingawa njaa anayo: mtoto wa umri huo hupumulia pua, na pua imeziba kwa makamasi, kwa hiyo ama anyonye ama apumue. Baadaye huanza kuguna kila anapotoa pumzi. Kisha kuguna kunapungua, mbavu zinatulia, na mama asiyejua hudhani mwanawe amepata nafuu. Muuguzi anayejua huja mbio.

Mhusika mkuu wa hali hii, Pwani ya Kenya kama ilivyo Dhaka au Boston, ni kirusi kiitwacho RSV. Kiligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa wakiugua mafua huko Marekani, na mwaka uliofuata Robert Chanock na wenzake wakakikuta kwa watoto wa Baltimore. Mtu mzima mwenye afya njema akikipata kwa kawaida hupiga chafya siku kadhaa, akasahau. Kwa mtoto mchanga, ambaye vijia vya hewa vya ndani kabisa ya mapafu ni vyembamba mno, uvimbe kidogo na ute kidogo vinatosha kuviziba. Makadirio ya mwaka 2019, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022, yanataja vifo zaidi ya 100,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano katika mwaka huo wa 2019 pekee, karibu nusu yao wakiwa hawajatimiza miezi sita. Katika kila vifo 100, zaidi ya 95 hutokea katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Na takriban robo tatu ya watoto hao hawafii hospitalini. Wanafia nyumbani au njiani.

Huko Kilifi, watafiti wa taasisi ya KEMRI na shirika la Wellcome wamekiandama kirusi hiki kwa zaidi ya miaka 20. Katika utafiti mmoja walizunguka nyumba kwa nyumba, wakichukua sampuli za puani kwa kila aliyeishi humo, mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita. Waligundua kwamba anayemletea mtoto mchanga ugonjwa mara nyingi ni kaka au dada yake anayekwenda shule. Anarudi na mkoba, anarudi na mafua, na jambo la kwanza anambusu mdogo wake.

Dawa ya kukiua kirusi hiki wodini hakuna. Viuavijasumu havikigusi. Mtoto husafishwa pua, hupewa maziwa kwa mpira unaopita puani hadi tumboni, huwekewa oksijeni, na akizidiwa huunganishwa na mashine. Mengine yote hufanywa na mwili wake mwenyewe, na kwa kawaida huyamaliza katika wiki moja au mbili. Mashine haimtibu. Inampumulia hadi mwili umalize kazi yake.

Jambo hili la kitabibu lina uzito mkubwa katika dini kuliko linavyoonekana. Mjadala wa mashine za kupumulia, misikitini, makanisani na katika vyuo vya falsafa, kwa miaka mingi umekuwa mjadala wa kuzima: mgonjwa hana tena tumaini, je, ni halali kumwondoa? Lakini mtoto mwenye RSV ana tumaini kubwa. Anachokosa ni mtu au kitu cha kumvusha siku nne ngumu. Swali lake ni la kuwasha, na vitabu vingi haviliulizi.

Badala yake, mazishini, husemwa maneno yanayojulikana kutoka Lamu hadi Mbeya: kazi ya Mungu haina makosa. Hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya mama aliyefiwa maneno hayo. Yanamshika asianguke, na ni yake. Ila yanapotoka kinywani mwa mganga mkuu ambaye mitungi ya wodi yake imekaa mitupu tangu Ijumaa, au mwa mwanasiasa aliyekuja kutoa rambirambi, yanakuwa kitu kingine. Yanakuwa risiti: deni limeandikwa kwa jina la Mungu, na aliyekopa anaondoka.

Waislamu wana kisa cha zamani kinachogusa jambo hili barabara. Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639 Miladi, Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Shamu alipopata habari kwamba tauni imezuka huko. Alishauriana na watu, kisha akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida, swahaba mkubwa na amiri wa jeshi, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar hakukana. Alijibu kwamba anaikimbia kadari na kuikimbilia kadari, kisha akamtolea mfano wa mchunga ngamia aliyefika penye bonde lenye pande mbili, upande mmoja majani, wa pili ukame. Akilisha penye majani atakuwa amelisha kwa kadari, na akilisha penye ukame vilevile.

Kadari, kwa Umar, haikuwa jina lingine la upande mkame. Mpinzani atasema ajali ya mtu ikifika haisogei mbele wala nyuma. Na haisogei. Lakini hakuna aliyeonyeshwa tarehe, kwa hiyo hakuna anayeweza kuifanya kisingizio cha kutonunua mtungi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilikwenda mbali zaidi: tiba ni wajibu pale ambapo kuiacha kutaiangamiza nafsi. Si hiari, si sunna. Wajibu.

Wakatoliki nao walifikishwa hapo na mashine zenyewe. Kisa kilianzia Copenhagen, na kinafaa kusimuliwa kwa utulivu.

Agosti 1952 Hospitali ya Blegdam ilifurika wagonjwa wa polio, ugonjwa mwingine wa kirusi, ambao hupooza misuli ya kupumua. Hospitali ilikuwa na mashine 1 kubwa ya pipa la chuma na 6 ndogo za kufungwa kifuani. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo walioshindwa kupumua, 27 walifariki. Wengi walikuwa watoto. Ndipo Bjørn Ibsen, daktari wa nusu kaputi, alipoitwa. Tarehe 27 Agosti msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho alitobolewa koo, akaingizwa mpira, na Ibsen akaanza kuminya mfuko wa hewa kwa mkono. Msichana akaishi. Baada ya hapo wakaitwa wanafunzi wa udaktari wa mji mzima. Kama 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana, kwa miezi, kila mmoja akiwa ameketi kando ya kitanda akiminya mfuko. Kuna siku wagonjwa 70 walikuwa wakipumuliwa kwa mikono kwa wakati mmoja. Vifo vikashuka sana. Mfuko wa ambu unaoning'inia leo katika chumba cha kujifungulia cha zahanati zetu ulibuniwa katika nchi hiyo hiyo ya Denmark mwaka 1956.

Mashine zilikuwa saba na wagonjwa mamia. Hilo lingeweza kuitwa kadari. Liliitwa uhaba, na uhaba hutafutiwa ufumbuzi.

Ufumbuzi ukazaa maswali. Miaka mitano baadaye Bruno Haid, daktari wa nusu kaputi wa Innsbruck huko Austria, alimwandikia Papa Pius XII kuuliza: ni lazima mashine itumike kwa kila mtu, hata asiye na tumaini? Novemba 24, 1957 Papa alijibu. Mkristo analazimika kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, wala halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida, zile zinazomtwika yeye au wenzake mzigo mzito. Na kipi ni cha kawaida? Hutegemea mtu, mahali, wakati na utamaduni.

Jibu hilo lilikuwa la hekima, na limewaokoa wengi na mateso yasiyo na maana. Lakini neno "mahali" ndilo linaloleta taabu. Kwa kipimo hicho, oksijeni ni njia ya kawaida Innsbruck, na inaweza kuhesabiwa si ya kawaida katika wilaya ambayo umeme hukatika mara mbili kwa siku. Mtoto yule yule, kirusi kile kile, na wajibu unapungua kadiri barabara inavyoharibika. Ni hoja ambayo mtu mwerevu anaweza kuitumia kuhalalisha lolote. Umaskini wa mahali haukushuka na mvua: una bajeti, una sahihi za watu, una zabuni zilizocheleweshwa. Njia isiyo ya kawaida huwa ya kawaida pale watu wanapoamua iwe hivyo, kama walivyoamua wanafunzi wa Copenhagen.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Bangladesh. Mwaka 1996 daktari kijana, Mohammod Jobayer Chisti, aliwaona watoto watatu wakifa kwa nimonia katika usiku mmoja mjini Sylhet. Miaka mingi baadaye, akiwa Melbourne, aliona mashine inayosaidia watoto wachanga kwa msukumo wa viputo vya hewa, na aliporudi Dhaka akatengeneza ya kwake kwa mipira ya kawaida na chupa tupu ya shampuu. Kanuni yake ni nyepesi. Mtoto akitoa pumzi, hewa hupita katika mpira uliochovywa ndani ya chupa ya maji. Kina cha maji, tuseme sentimita 5, ndicho kinachoamua msukumo unaobaki mapafuni, ili vifuko vya hewa visisinyae. Viputo vikitoka, mambo yanakwenda. Vikikoma, kuna mahali panavuja. Jaribio lake lilichapishwa mwaka 2015: waliopewa oksijeni ya kawaida walifariki 15 katika kila 100, waliopewa chupa walifariki 4.

Hapa msomaji angetaka kusikia kwamba chupa zikasambazwa Afrika na watoto wakapona. Mbinu yenyewe ilijaribiwa. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, watoto 644 wenye nimonia kali waliingizwa katika jaribio kama hilo kati ya 2015 na 2018, na matokeo yakawa kinyume: vifo vilikuwa 17 kwa 100 kwa waliowekewa msukumo wa viputo, na 11 kwa waliopewa oksijeni tu. Dhaka madaktari walikuwa wodini wakiwatazama watoto. Salima kazi kubwa iliachiwa wauguzi wachache na maofisa tabibu, na watoto wengi walikuwa na utapiamlo au VVU juu ya nimonia.

Yako mengine ya aina hiyo. Mwaka 2011 utafiti wa zaidi ya watoto 3,100 nchini Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba kuwamiminia haraka maji ya dripu watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko, jambo lililokuwa likifundishwa kama tiba njema, kuliongeza vifo. Fiqhi ya kale ilikuwa na msimamo mkali kwa anayejitia utabibu bila ujuzi: analipa fidia ya madhara, hata kama nia yake ilikuwa safi. Msimamo huo unastahili kusomwa upya na wafadhili wanaoshusha mashine kwenye uwanja wa ndege, wanapiga picha, wanaondoka. Wajibu ni mashine na mtu wa kukesha nayo. Kimoja bila kingine kinaweza kuwa hatari kuliko kukosa vyote.

Basi tuchukue hospitali yenye mashine moja inayofanya kazi, muuguzi anayeijua, na watoto wawili waliofika usiku huo huo. Swali hili halikwepeki. Mfalsafa wa Marekani John Taurek aliandika mwaka 1977 makala iliyowaudhi wenzake, akidai kwamba hata wingi wa watu hautoshi kuamua nani aokolewe, na kwamba kurusha sarafu ni njia ya kumheshimu kila mmoja sawasawa. Wengi waliona anafanya mzaha. Wacha Mungu wasingeshangaa sana. Kurani inasimulia jinsi kalamu zilivyorushwa kuamua nani amlee Maryamu alipokuwa mtoto. Manabii na mitume wa Biblia walipiga kura pia. Kura ina uadilifu mmoja ambao daktari hana: haimjui mtoto wa mkubwa.

Hata hivyo kura si ya kuanzia. Kama mmoja anaweza kuvuka kwa mipira ya oksijeni ya puani na wa pili hawezi, hakuna cha kurushiwa sarafu. Kura ni ya pale haki za wawili zinapolingana kabisa, na kwa kweli hutokea mara chache kuliko wanafalsafa wanavyopenda. Kinachotokea mara nyingi ni kibaya zaidi: mashine inakwenda kwa aliyewahi, na aliyewahi ni mwenye gari.

Uko pia upande wa pili, nao usifichwe. Wapo watoto ambao RSV huwakuta tayari wana moyo wenye kasoro kubwa, au walizaliwa kabla ya wakati na mapafu hayakukomaa, au ubongo umekwisha kuharibika kwa kukosa hewa. Kwao kirusi ni pigo la mwisho tu. Wiki zinapita, mashine inapumua, mtoto harudi. Baraza lile la Fiqhi lilipokutana Amman mwaka 1986 liliruhusu kuondoa mashine pale madaktari mahiri wanapothibitisha kwamba ubongo wote umekufa. Vatican mwaka 1980 ilisema ni halali kuacha tiba ambayo inarefusha tu kifo chenye mateso. Mzazi anayekubali hapo hajaua, na jirani anayemnong'ona anamdhulumu. Kumwachia mtoto aende kunaweza kuwa tendo la imani. Lakini huwezi kumwachia ambaye hukumshika. Katika wodi isiyo na oksijeni hakuna anayejua yupi alikuwa wa kuvuka na yupi wa kuagwa; wote wanaondoka kwa njia moja, na wote wanaombewa dua moja.

Ndiyo maana hesabu za mtungi ni hesabu za dini pia. Mtungi mkubwa hubeba takriban lita 6,800. Mtoto mchanga mwenye RSV mara nyingi hutosheka na lita 1 kwa dakika, au chini ya hapo. Kwa hiyo mtungi mmoja unaweza kumshikilia kwa zaidi ya siku nne, muda ambao wengi hupita kwenye kilele cha ugonjwa. Watoto wakiwa wanne, mtungi ni wa siku moja na ushee. Penye umeme wa kutegemewa, mtambo mdogo wa kuchuja oksijeni kutoka hewani hauhitaji mtungi kabisa. Nchini Kenya, Dkt. Bernard Olayo na wenzake walianzisha Hewatele, kampuni ya oksijeni, mwaka 2014 kwa sababu walichoka kuona hospitali za mikoani zikingoja oksijeni isafirishwe kutoka mbali. Sasa inazalishwa karibu na wagonjwa na kuuzwa hospitalini. Huo ndio upande wa bonde wenye majani.

Kuna jipya pia. Machi 2025 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kwa mara ya kwanza chanjo ya RSV ya kumchanja mama mjamzito, dozi moja katika miezi ya mwisho ya mimba, ili kinga imfikie mtoto tumboni. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2023, chanjo hiyo ilipunguza ugonjwa mkali kwa takriban asilimia 82 katika siku 90 za kwanza za maisha. Siku 90 hizo ndizo mtoto anapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Itakapofika katika kliniki za wajawazito, atakuwepo wa kusema kwamba kuchanja ni kumwingilia Mungu kazi, na maimamu na mapadri wafaa kuwa na jibu kabla hajaanza kusema.

Kabla ya chanjo kufika, kamati ya msikiti au ya parokia inayochangisha fedha za zulia na vipaza sauti inaweza kutuma watu wawili kwa mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya yao, wakaulize: wodi ya watoto ina kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kinachofanya kazi? Mtungi ukiisha saa nane usiku, nani ana ufunguo wa stoo? Muuguzi wa zamu ya usiku anahudumia watoto wangapi peke yake? Majibu wayasome hadharani, Ijumaa au Jumapili, mbele ya waumini wote, wakiwemo diwani na mbunge.